Ngoma Kati ya Magoti

Ngoma ilimponyoka Anyesi katikati ya wimbo, mbele ya wanawake wote wa kikundi.

Ilikuwa ile kubwa, inayobanwa katikati ya mapaja mpigaji akiwa amesimama, ameinama kidogo. Ndiyo inayoongoza zile nyingine. Ikibadilisha mapigo, zote zinabadilisha. Anyesi alikuwa ameibana tangu alipoolewa katika kijiji hiki, nje kidogo ya Bahi, na hakuna aliyekumbuka kuiona chini. Sasa ilibingirika kwenye vumbi la uwanja wa kanisa, na ngoma ndogo zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Loisi aliiwahi. Loisi alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe Yotham, mwanamke mwenye miguu mirefu na ulimi mwepesi.

"Wifi, ngoma imekuaga," alisema, akiipangusa kwa pindo la khanga. "Na wewe hukuitikia."

Wanawake wakacheka. Anyesi naye akacheka, maana angefanya nini. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika nyonga ya kulia, na alipougundua akauondoa haraka. Hilda, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameshaona.

"Imeanza lini?" Hilda aliuliza.

"Nini?"

"Mama Luka, mimi si mtoto."

"Tangu tulipopandikiza mpunga. Itaisha."

Hilda hakubishana. Alisema tu kwamba shukrani ya mavuno imekaribia na wageni watakuja. Jumamosi itakayotangulia sikukuu, Anyesi atapiga wimbo mzima, kisha Loisi atapiga wimbo uleule, na kikundi kitaona. "Na atakayepewa, amepewa," alimaliza. "Sitaki ngoma ya kuhamahama."

Kila mtu pale alielewa maana yake. Katika kikundi kile ngoma kubwa ilihama mara moja tu. Mama aliyeishika kabla ya Anyesi hakuigusa tena mpaka alipozikwa.

Tangu siku hiyo Anyesi hakutulia. Alikaa akasimama, akasimama akakaa. Aliinjika sufuria akaiepua kabla maji hayajachemka. Njiani kwenda jarubani, kwenye mpunga, alijikuta akibana mapaja pasipo ngoma, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama funguo bado zipo. Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, akapanda bodaboda kwenda kituo cha afya, kwa sababu alisikia kwamba kuna kijana wa mazoezi tiba anayetoka mjini Dodoma siku za katikati ya wiki.

Kijana huyo aliitwa Habibu, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchomwa sindano."

"Bado sijajua pa kuichoma."

"Hapa." Akajipiga nyonga.

"Hapo ndipo panapolia. Anayepapiga huenda yuko kwingine. Naomba utembee mpaka mlangoni, kisha urudi."

"Nimetembea kutoka barabarani mpaka hapa."

"Nilikuona dirishani, mama. Naomba nikuone tena."

Anyesi akatembea. Kisha akaambiwa ashike ukingo wa meza na asimame kwa mguu mmoja. Kwa mguu wa kushoto alisimama vizuri. Kwa mguu wa kulia, upande wa pili wa kiuno ulishuka, na mwili wake ukaegemea kulia kuufidia. Habibu alimwomba arudie, akatazama tena. Hakuwa na haraka, na kutokuwa na haraka kwake kulimchoma Anyesi kuliko sindano.

"Nyumbani mnafungaje mlingoti wa antena?" Habibu akauliza.

"Kwa waya. Huku na huku."

"Waya wa upande mmoja ukilegea?"

"Unalala."

"Nyonga yako ndivyo ilivyo. Misuli ya ndani ya mapaja ina nguvu kunishinda mimi, maana umebana ngoma miaka yote hiyo. Ya nje, hapa pembeni, imelegea. Kila ukikanyaga mguu wa kulia, mlingoti unalala, na ile misuli dhaifu ya nje inavutwa na kugandamizwa kwenye mfupa. Ndiyo hiyo inayolia."

"Kwa hiyo niache ngoma."

"Sijasema hivyo."

"Mwishoni mtasema. Huwa mnasema."

"Mama, mimi nasema tukaze waya uliolegea. Basi."

Alitandika mkeka sakafuni, akalala kwa ubavu wa kushoto, akakunja magoti, visigino vimegusana. Kisha akainua goti la juu taratibu huku visigino vikibaki pamoja, akalirudisha taratibu vilevile. "Linafunguka polepole," alisema, "kama mlango wa nyumba yenye mgonjwa." Akasimama, akampisha kwenye mkeka. Anyesi alikaza khanga yake kiunoni.

"Nimeelewa."

"Nione kidogo tu, nijue kama..."

"Nimeelewa, mwanangu. Si umeonyesha?"

Nje kulikuwa na watu wanasubiri, na nesi wa kike alikuwa ametoka. Habibu akaacha.

Anyesi alianza siku ileile, nyuma ya nyumba, kwenye mkeka wa kuanikia. Yotham aliyekuwa anatoka zizini akasimama na fimbo yake.

"Mama Luka, umeanguka?"

"Nafanya mazoezi."

"Umelala."

"Ndiyo mazoezi yenyewe."

"Basi mimi ni mwanariadha wa siku nyingi," Yotham alisema, akaenda zake akicheka peke yake.

Alipoondoka, Anyesi akajaribu tena. Visigino pamoja. Goti la juu likainuka upana wa kidole, na hapo likakataa. Si kwamba halikuweza. Alipokuwa msichana, siku za kufundwa, bibi waliokaa naye walikuwa na bua la mtama, na msichana yeyote aliyeketi chini magoti yakaachana alipigwa nalo gotini, pigo dogo tu lisiloumiza. Mwanamke akiwa chini, magoti yamefungwa. Hilo lilimwingia mpaka likawa mwili wenyewe. Alikuwa amezaa watoto wanne, amevuna mpunga nusu ya maisha yake, na bado alipoketi kwenye mkeka magoti yalikutana yenyewe kabla hajayaambia.

Basi alifikiri, kwa namna mtu anavyofikiri bila kujua kwamba anafikiri, kuwa kazi lazima iko kwenye kukaza. Visigino vimegusana, magoti vilevile yagusane, abane. Akabana mpaka mapaja yakatetemeka. Aliposikia misuli inawaka akafurahi. Aliona dawa inafika.

Na kwa kuwa hakuweza kutulia, aliongeza. Alibana baada ya kuosha vyombo. Alibana akiwa ameketi kwenye magunia ya mpunga, na kanisani pia, chini ya khanga, wakati wa mahubiri. Kadiri Jumamosi ilivyosogea ndivyo alivyobana. Nyonga ikawaka moto. Akashindwa kulalia upande wa kulia, na usiku mzima akawa anageuka mpaka Yotham akahamia kitanda cha Luka, mtoto wao aliyekuwa masomoni.

Uwanjani, Loisi alishika ngoma kubwa "kwa muda tu," kama Hilda alivyosema, na Anyesi akapewa ndogo. Mikono yake ilitangulia wimbo.

"Wifi, unakimbia," Loisi alipaza sauti. "Nani anakufukuza?"

"Wewe, kwa mapigo yako ya kukanyaga tope."

"Tope limekauka wifi. Wenye miguu miwili tunapita."

Wanawake wakapiga vigelegele vya utani. Anyesi alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alirudi kituoni akiwa amekasirika, na hasira ilimfikisha haraka kuliko pikipiki. Hakusubiri kusalimiwa.

"Mazoezi yako yameniua."

Habibu alivuta kiti, akakaa, akamwacha amalize. Alipomaliza, hakujitetea wala hakumlaumu. Alimwomba tu aonyeshe anavyofanya. Safari hii nesi alikuwepo, akijaza chupa za dawa dirishani.

Anyesi alitazama mkeka. Akatazama mlango. 

"Nabana," alisema hatimaye. "Hivi." Akakunja ngumi mbili, akazigonganisha, akazikandamiza.

"Magoti?"

"Na visigino. Vyote."

"Hayafunguki hata kidogo?"

"Mwanangu." Sauti yake ikashuka. "Mimi sifungui magoti nikiwa chini. Si mbele yako, si mbele ya nesi, na nyuma ya nyumba yangu pia sifungui. Sikulelewa hivyo. Ningejua kwamba dawa ni hiyo tu, ningekwambia mapema."

Nesi aliacha chupa. Habibu akajikuna kidevu.

"Nilipaswa kukuuliza kabla sijalala pale," alisema. "Nilionyesha zoezi kama vile kila mtu ana mwili wa aina moja. Kubana ndiko kulikoongeza moto. Kunavuta ileile misuli yenye nguvu, na ile dhaifu inazidi kugandamizwa."

"Kwa hiyo nimejiumiza mwenyewe."

"Tumekuumiza wawili. Na ngoma je? Ukiwa umeishika, magoti si yako mbali?"

"Hapo ngoma ipo katikati. Na nimesimama. Ni tofauti."

"Sawa. Basi tutafute la kufanya ukiwa umesimama, au magoti yakiwa yamefungwa."

"Yamefungwa, na yanafunguka?" Anyesi alimtazama kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Huyo ni ng'ombe wa Yotham."

"Vipi?"

"Kuna mmoja mkorofi. Tukimkamua tunamfunga miguu ya nyuma kwa kamba. Hataki. Anasukuma nje, anasukuma, kamba haiendi popote, mpaka mapaja yanamtetemeka."

Habibu akainuka kitini. "Yanatetemeka wapi? Ndani au nje?"

Anyesi akafikiri. Akamwona ng'ombe. "Nje. Huku juu, nyuma."

"Mama, ndiyo hiyo hiyo!" Akacheka, na nesi naye akacheka. "Unafunga, unasukuma nje, goti haliendi popote. Una khanga nyingine?"

Nesi alitoa ya kwake. Anyesi akaketi kwenye kiti, nesi akaizungusha juu kidogo ya magoti na kuikaza fundo. Habibu alisimama mbali, karibu na dirisha, akawa anaelekeza kwa maneno. Sukuma nje kidogo. Si kwa nguvu zote. Shikilia, pumua. Achia taratibu. Magoti ya Anyesi yalibaki yamekaribiana kwa adabu, na pembeni mwa nyonga, mahali ambapo kwa miezi palikuwa na maumivu tu, kitu kingine kikaamka. Hakikuwa moto. Kilikuwa uchovu, kama wa mkono unaojifunza kusaga.

"Nimepasikia," alisema.

Habibu akampa la pili: asimame ameshika mwimo wa mlango, ainue mguu wa kushoto kidogo tu, na kiuno kisishuke. "Jione umejitwika ndoo ya maji. Isimwagike." Na akamwonya kuhusu kuruka, kwa kuwa alijua kwamba wanawake wa ngoma huruka. "Kuruka kutakuja mwisho. Nyonga ikishuka ukiwa hewani, utatua ikiwa imeshuka. Ukihisi inashuka, usiruke, hata kama wote wanaruka."

"Na nikiruka?"

"Utashinda siku hiyo. Baadaye sijui."

Hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza, kwa sababu zoezi lilitaka polepole na Anyesi hakuwa na polepole ndani yake. Alifunga khanga, akasukuma, na kabla pumzi haijaisha akili ilikuwa tayari uwanjani, inamsikiliza Loisi. Aliachia haraka, akaanza upya. Alishika mwimo wa mlango akainua mguu, ndoo isiyokuwepo ikamwagika, akatukana kimyakimya, akainua tena. Upepo wa kipupwe ulipeperusha vumbi tangu asubuhi, kuku wakampitia miguuni, jirani akaja kuomba ungo akamkuta amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, akaondoka bila ungo.

"Unaona nafuu?" Yotham aliuliza jioni, wakila ugali wa uwele kwa mlenda.

"Sijui."

"Mimi naona."

"Unaona nini? Hata hunitazami."

"Sikutazami. Nayatazama mapito." Yotham alikuwa amechunga tangu utotoni; aliweza kusema ng'ombe gani alipita wapi na alikuwa amechoka kiasi gani. "Njia ya kisimani. Zamani mguu wako wa kulia ulikuwa unaburura, unachora mstari vumbini. Wiki hii hakuna mstari. Unakanyaga na kuondoa, unakanyaga na kuondoa."

Anyesi aliacha tonge mkononi. Kesho yake alipotoka kisimani aligeuka nyuma, ndoo kichwani, akatazama. Alama zilikuwa sawa, kulia na kushoto, kama za mtu asiye na habari. Alifurahi kiasi cha kumwaga maji. Kisha wasiwasi ukarudi, mkubwa zaidi, maana sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Jumamosi ikafika. Wanawake walifunga khanga vifuani, wakakoka moto wa kukazia ngozi za ngoma, wakapanga mstari. Hilda alimpa Anyesi ngoma kubwa.

Aliiweka kati ya mapaja. Kwa mara ya kwanza tangu ianguke, aliisikia imekaa bila kuing'ang'ania. Hakubana kwa woga. Alisimama miguu chini ya kiuno, kiuno kimetulia, na ngoma ikapata mahali pake. Akapiga. Ndogo zikajibu. Wimbo ukapanda, viuno vikaanza, filimbi ya Hilda ikalia, na nyonga ikavumilia, ikavumilia, mpaka ikafika sehemu ambayo kila mtu alikuwa anaisubiri: mpigaji mkuu anaruka na ngoma yake, na mstari wote unaruka naye.

Anyesi akaruka. Mara ya kwanza alitua vizuri. Mara ya pili aliuhisi ule upande unashuka, kitu kidogo, kama kijiti kinachoteleza chini ya jungu. Hakuna aliyekiona. Angeweza kubana meno na kumaliza. Wimbo ulikuwa umebaki kidogo. Macho ya Loisi yalikuwa kwenye miguu yake.

Hakuruka mara ya tatu. Alibaki chini, akapiga.

Mstari ulitetereka kwa pigo moja, wengine wakapanda, wengine wakabaki, kisha mikono ya Anyesi ikawashika. Alipiga kwa uwazi zaidi kuliko alivyowahi kupiga, kwa sababu sasa hakuwa na kitu kingine cha kuwapa. Wakaruka kwa mapigo yake naye akiwa amesimama, mpaka wimbo ukaisha. Ngoma ilikuwa bado mahali pake. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Loisi akapiga wa pili. Aliruka mpaka vumbi likamfika magotini, akatua, akaruka tena, ngoma imemganda kama mtoto. Watu waliokuwa barabarani wakasimama kutazama. Ilikuwa nzuri, na Anyesi alikubali moyoni kwamba ilikuwa nzuri, na kukubali huko kulimfanya ashindwe kusimama mahali pamoja.

"Haya," Hilda aliwaambia wanawake. "Semeni. Nani alipotea kwenye wimbo wa Loisi?"

Wakatazamana. Mmoja akainua mkono, halafu wa pili, kwa aibu. "Mimi nilikuwa namtazama," alisema wa kwanza. "Anaruka vizuri mno. Nikasahau miguu yangu."

"Na kwa Mama Luka?"

"Pale alipoacha kuruka, pigo moja. Baadaye hapana."

Hilda akaitazama ngoma ile. Hakuwahi kuona ngoma kubwa ikikaa chini wakati wa kuruka, na ilionekana usoni mwake kwamba haikumpendeza. "Anyesi ataongoza," alisema mwishowe. "Loisi atasimama mbele na ngoma ya pili, aruke yeye."

"Ngoma isiyoruka ni ya matanga," Loisi alisema.

"Basi ruka, wifi, nisije nikakuzika."

Kicheko kilipasuka mstari mzima, na Loisi, aliyekuwa amekasirika kwelikweli, alijikuta midomo inamcheza. Akachukua ngoma ya pili, akasonga mbele.

"Utarudi kuruka lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui."

"Mwaka huu?"

"Nimekwambia sijui. Panga miguu yako."

Hilda akapuliza filimbi ili waanze tena, kwani mpangilio mpya ulihitaji kuzoeleka kabla ya sikukuu. Anyesi akapiga. Walipofika pale pa kuruka mwili wake wote ulitaka kwenda juu. Damu ilipanda, vidole vya miguu vikashika vumbi, na kila pigo lilimwambia sasa, sasa. Mbele yake Loisi alikuwa hewani, khanga imejaa upepo. Anyesi alimtazama kwa wivu asioweza kuuficha, akakaza kiuno kisishuke, akawapigia waruke tena.